Kurasa Mbili Kila Usiku

Kitabu chenyewe hakifiki kurasa mia moja. Ukikitia mfukoni mwa kanzu hakionekani. Nilikinunua nikiwa mwaka wa pili chuoni, kwa sababu kilikuwa kwenye orodha ya kozi ya riwaya, na nilipoona wembamba wake nilifurahi. Nikasema, hiki ni cha wikendi moja. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa sijavuka ukurasa wa ishirini, na mtihani ulikuwa umeshapita. Alama nilizopata sizitaji hapa. Mama yangu ana simu, na bando anaweka.

Kitabu ni Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1990. Kama ulisoma Kiswahili chuo kikuu unaijua, ama unamjua mtu aliyeikimbia. Msimulizi yuko safarini, anatafuta kitu ambacho hakuna anayemwambia wazi ni kitu gani. Kuna kimya kingi. Kuna wazee, kuna paa anayewindwa, kuna duara na kitovu chake. Kina Plato na Marx wanajitokeza humo ndani kama majirani tu. Ukitafuta ploti ile tuliyochorewa ubaoni sekondari, yenye mwanzo, kilele na mwisho, utaumwa na kichwa. Nami niliumwa. Nikakifunga, nikakitia chini ya nguo ndani ya begi, na begi hilo ndilo nililoshuka nalo Mkwiro mwezi wa Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona.

Kwa asiyepajua: Mkwiro ni kijiji kilicho upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, Kwale, kusini kabisa karibu na mpaka wa Tanzania. Unafika Shimoni, mahali barabara inapoishia, unapanda boti. Gari hakuna. Maji matamu wakati ule yalikuwa ya mvua, yaliyohifadhiwa kwenye mabirika. Watu ni wavuvi, na kwa miaka mingi sasa ni watu wa watalii pia: wanawapeleka Kisite na Mpunguti kuona pomboo na matumbawe. Machi ile watalii walikatika kama maji ya mfereji. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na mvuvi wa usiku akawa hana usiku tena. Aprili serikali ikafunga kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Ramadhani ikatukuta hivyo, misikiti imefungwa, tarawehe tunaswali nyumbani.

Sasa fikiria vijana wanne kwenye ua mmoja, wamefuturu, wameswali, na saa tatu ya usiku haijafika. Hakuna pa kwenda. Mtandao unasoma pale karibu na mbuyu tu, na huko ndiko kafyu inakokukamatia.

Majina ya wenzangu sitayataja, wenyewe wameniomba hivyo. Kulikuwa na binamu yangu, mwalimu wa chekechea, ambaye tangu utotoni hana subira na mtu anayejidai. Kulikuwa na mdogo wake, wa kidato cha tatu, aliyekuwa na hasira na dunia nzima. Kulikuwa na jirani yetu wa ukuta mmoja, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunaogelea uchi, ambaye hapa nitamwita Nahodha kwa sababu ndivyo kijiji kizima kinavyomwita. Na kulikuwa na Bibi, mwenye ua, ambaye hakuhesabiwa kama msomaji lakini ndiye aliyekuwa na mkeka.

Wazo la kusoma lilikuwa langu, na nia yake haikuwa nzuri. Ukweli ni kwamba nilitaka kujionyesha. Nilikuwa nimerudi nyumbani na begi moja, bila shahada, bila kazi, na matokeo mabovu ambayo hakuna aliyeyajua. Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho wengine hawakuwa nacho, kitabu kigumu. Nikakitoa. Nikawaambia hiki ni kitabu ambacho hata maprofesa wanabishana juu yake. Binamu akakipima kwa vidole. "Hiki? Hiki mbona kama daftari la watoto wangu?"

Tukakubaliana masharti. Kila usiku kurasa mbili, si zaidi. Tunapokezana, kila mtu ukurasa mmoja, kwa sauti. Anayesoma hakatizwi. Akimaliza, kila mtu aseme alichokiona, hata kama ni neno moja tu. Sharti la mwisho alilileta Binamu: hakuna mtu kusema "mwandishi anamaanisha." Alisema amechoka na sentensi hiyo tangu darasa la nane.

Usiku wa kwanza nilisoma mimi. Nilisoma kama mtangazaji wa habari, sauti nzito, vituo vyote mahali pake. Nilipomaliza pakawa kimya. Mdogo wa Binamu akasema, "Sijaelewa hata kidogo." Nikatabasamu, ile tabasamu ya mtu mwenye jibu. Sikuwa na jibu lolote.

Usiku wa tatu ikawa zamu ya Nahodha.

Nahodha aliacha shule darasa la sita. Anajua kusoma, lakini anasoma jinsi mtu anavyotembea juu ya matumbawe bila viatu, hatua moja, anasimama, anatafuta pa kukanyaga. Tulikuwa tunamulika kwa taa ya sola na mikono yake ilikuwa na rangi ya boti kwenye kucha. Akaenda vizuri mpaka alipofika kwenye jina la mwanafalsafa mmoja wa Ulaya. Akalisoma kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, kila irabu na haki yake, kama Kiswahili kinavyosomwa.

Nikacheka. Halafu nikamkatiza, nikamtamkia lile jina kwa Kizungu, mara mbili, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Hakusema kitu. Akamaliza ukurasa, akanirudishia kitabu, akasema amechoka, kesho ana kazi. Kazi gani, boti zote zikiwa ufukweni? Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Tukasoma watatu, na mambo hayakunoga kabisa. Usiku wa tano Bibi, aliyekuwa amejilaza pembeni na tasbihi yake, akaniuliza bila kugeuka:

"Mjukuu wangu, yule aliyeandika hicho kitabu ni mtu wa wapi?"

"Ukerewe, Bibi. Kisiwa kiko ndani ya Ziwa Victoria, Tanzania."

"Ahaa. Mtu wa kisiwa. Basi angekuja hapa akamsikia mwenzako anasoma, angecheka?"

Sikujibu. Alijua sitajibu.

Asubuhi nikamfuata Nahodha ufukweni. Boti yake ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo, naye alikuwa anakalafati, anasukuma pamba kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo ndogo. Boti ile bado alikuwa anailipia. Hakuwa amepata mtalii hata mmoja kwa wiki sita. Nikakaa chini. Nikamwambia nimekosa. Kisha nikamwambia na lile lingine, kwamba mtihani wa kitabu kile kile nilianguka, na kwamba lile jina nililomsahihisha nililisikia kwa mhadhiri tu, mwandishi mwenyewe sijawahi kumsoma hata ukurasa.

Akaendelea kugonga. Baadaye akasema, "Kwa hivyo unanicheka na wewe mwenyewe umezama."

"Ndiyo."

"Haya. Nishikie hii pamba."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mapatano yetu. Usiku akaja.

Lakini alikuja na jambo jipya. Kabla hajaanza alivuta pumzi, akakisoma kile kitabu kwa sauti ya barzanji. Nimesahau kusema: shuleni alikuwa wa mwisho, madrasani alikuwa wa kwanza. Mkwiro nzima inajua kwamba kwenye maulidi, Nahodha akipewa mlango wake wa barzanji, hata watoto hukaa kimya. Sasa sauti ile aliileta kwenye nathari ya Kezilahabi. Hakuimba, lakini alikuwa na mapito, alikuwa na mahali pa kushusha na mahali pa kupandisha, na mwisho wa sentensi aliuachia kidogo kabla ya kuchukua nyingine. Sentensi ambazo mimi nilizisoma kama taarifa ya habari zikaanza kupumua. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba zile sentensi fupi fupi, zilizoniudhi chuoni, zilikuwa zimeachiwa nafasi makusudi. Kimya kinachozungumzwa ndani ya hadithi kilikuwa pia kimo baina ya sentensi. Kwa macho hukioni. Mpaka mtu mwenye pumzi akusomee.

Binamu akasema, "Mimi hapo nimeona ukungu wa asubuhi ya kusi." Mdogo wake akasema ameona shule yake ikiwa tupu. Hakuna aliyesema hajaelewa.

Kuanzia hapo niliacha kuwa mwalimu. Kuna mambo niliyoyajua ambayo yalisaidia, nikayatoa kama mtu anavyotoa chumvi akiombwa. Niliwaambia Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944, na kwamba amefariki miezi michache tu iliyopita, Januari ile ile ya 2020. Kwamba alianza na riwaya zinazosomeka bila taabu: Rosa Mistika mwaka 1971, iliyoleta kelele mpaka ikazuiwa mashuleni, kisha Kichwamaji, kisha Dunia Uwanja wa Fujo. Kwamba alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani, wazee wa ushairi walimjia juu, wakasema hayo si mashairi. Kwamba alikwenda Wisconsin, Marekani, akaandika tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na namna tunavyoifasiri fasihi, akaimaliza 1985. Na aliporudi kwenye riwaya hakurudi kwa njia aliyoiacha. Alitoa Nagona, na mwaka uliofuata Mzingile, na tangu hapo wanafunzi hawajalala. Baadaye wengine walishika njia zao za ajabu: Katama Mkangi, mtu wetu wa Pwani, na Walenisi mwaka 1995; Wamitila na Bina-Adamu! mwaka 2002.

Nahodha alisikiliza yote hayo, akachukua moja tu. "Kwa hivyo walimwambia mashairi yake si mashairi, halafu akaandika hii?"

"Ndiyo."

"Huyo mtu ana kichwa kigumu. Nampenda."

Mimi binafsi nadhani tunakosea tunapofundishwa vitabu vigumu kama mafumbo yenye jibu nyuma ya ukurasa. Sisi watu wa Pwani ndio wa mwisho wa kuona ajabu kusoma kitu usichokielewa chote. Tumelelewa hivyo. Mtoto wa miaka saba anahitimu juzuu nzima kwa Kiarabu na haulizwi maana ya kila neno. Anaulizwa kama ameitoa sawasawa, na kama amekaa na adabu. Maana anaambiwa itakuja, na nyingine huja miaka thelathini baadaye, siku ya msiba, mtu anatawadha na aya inamfungukia. Sisemi riwaya ni sawa na Kurani, astaghfirullah. Nasema masikio yetu tayari yalikuwa na mazoezi, na chuo kikuu ndicho kilichonifanya nione aibu nayo.

Tulifika katikati ya kitabu kumi la mwisho la Ramadhani. Usiku huo ukurasa ulikuwa wa Binamu, na ulikuwa na habari ya duara na kutafuta. Alipomaliza tukasema tulivyoona, mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Nahodha alinyamaza muda mrefu. Bibi akaacha kuvuta tasbihi.

"Mimi hii naijua," akasema. "Watu wa bara wanadhani ukimtafuta mtu baharini unakwenda moja kwa moja. Hapana. Unakwenda pale alipoonekana mwisho, halafu unazunguka. Unaanza duara dogo, unaliongeza. Boti nyingine inazunguka upande wa pili. Sisi tulizunguka siku tatu."

Wote tulijua anasema nini, na hakuna aliyewahi kumsikia akilisema. Baba yake alitoka na ngalawa msimu mmoja wa kusi, nje ya Mpunguti, tukiwa na miaka kumi na miwili. Lilipatikana kasia. Mwili haukupatikana. Baada ya hapo ndipo Nahodha alipoacha shule. Mimi nilikuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote, na mwaka uliofuata nilipelekwa kusoma bara, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza hata swali moja.

"Kwenye khitma yake," akaendelea, "waligawa juzuu thelathini, mimi nikapewa moja. Kila mtu anasoma yake, kwa sauti yake, wote kwa pamoja, unajua inavyokuwa, kelele kama nyuki. Sikujua maana hata ya neno moja. Lakini nilijua ninamsomea nani."

Akanyoosha mkono, akakichukua kitabu kwa Binamu, akakigeuza geuza.

"Huyu naye kuna mtu anamtafuta. Hajui kama atampata. Lakini hasimami. Basi. Mimi hivyo ndivyo nilivyoelewa, na sitaki mtu aniambie si hivyo."

Hakuna aliyemwambia si hivyo. Nimesoma makala za wataalamu juu ya Nagona tangu wakati huo, nyingine nzuri sana, zenye Nietzsche na visasili na yote. Hakuna iliyonishika kama ile. Wala sidhani ningeisikia kama kila mmoja angekuwa na nakala yake chumbani kwake. Kitabu kilitupa mahali pa kukaa mpaka neno lile likatoka. Kama kingekuwa rahisi tungekimaliza kwa siku mbili, tukaongea juu ya wahusika, tukaenda kulala.

Tulikimaliza mwanzoni mwa Juni, siku zile zile Kwale na Kilifi zilipofunguliwa. Ukurasa wa mwisho tulimwachia Nahodha, kwa kura ambayo Binamu aliipanga waziwazi. Alipofika mwisho akafunga kitabu, akakaa. Nikasikia maji yakipiga mawe huko chini.

"Imekwisha?" Bibi akauliza.

"Imekwisha, Bibi."

"Haya. Si mrudie sasa. Mara ya kwanza mlikuwa mnagombana."

Nilicheka, lakini baadaye nilikuja kusoma habari ambayo ilinikumbusha maneno yake. Kuna kikundi huko Venice, California, kilichoanza mwaka 1995 kusoma Finnegans Wake ya James Joyce, riwaya ya 1939 ambayo watu wengi wanaihesabu kuwa ngumu kuliko zote za Kiingereza. Walikuwa wanakutana mara moja kwa mwezi, wanasoma ukurasa mmoja au miwili kwa sauti na kuujadili. Walimaliza Oktoba 2023, baada ya miaka ishirini na minane. Sentensi ya mwisho ya kitabu kile hukatika njiani na kuungana na ile ya kwanza, kwa hivyo wakafanya kilichobaki: wakaanza upya. Nilimtumia Nahodha habari hiyo. Akanijibu kwa sauti: "Ukurasa mmoja kwa mwezi? Hao wana kafyu ya maisha?"

Mtihani niliurudia vyuo vilipofunguliwa. Nilipita, si kwa kishindo. Swali lilitaka tujadili nafasi ya msakaji katika riwaya, nami nikaandika juu ya namna mtu anavyotafutwa baharini. Sijui msahihishaji alifikiria nini. Watalii walirudi kidogo kidogo, na Nahodha alimaliza deni la boti mwaka juzi. Binamu ameolewa ng'ambo ya maji, Shimoni. Mdogo wake anasomea uuguzi. Bibi yupo, miguu tu ndiyo inamsumbua.

Kitabu changu sikurudi nacho Nairobi. Kiko kwenye boti, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na leseni na vifaa vya huduma ya kwanza, na kimevimba kwa chumvi mpaka sasa kinaonekana kinene kuliko kilivyo. Sasa tunasoma Mzingile. Neno lenyewe lilitusumbua mwanzoni. Nilimwambia Nahodha mzingile ni njia yenye mizunguko mingi, unaingia na hujui pa kutokea. Akasema, "Dema," yaani ule mtego wa samaki uliosukwa, na sijaona kamusi iliyonipa maana iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Tunasomeana kwa simu, ukurasa mmoja kila Jumapili, tunarekodi na kutumiana. Wake huja na mlio wa injini nyuma yake na mara nyingine sauti ya mtalii akiuliza pomboo wako wapi. Anawaambia wasubiri kidogo, kisha anamalizia sentensi.